Nimempa Shekigenda Vipimo Vyako

Fundi wangu,

Shikamoo. Tangu tukuzike, karakana ya hapa Lushoto naifungua mimi. Siku za mwanzo nilikuwa nasimama mlangoni nikingoja unigombeze kwa kuchelewa. Hakuna wa kunigombeza. Basi naingia, nashika randa.

Nina la kuungama. Vipimo vyako nimempa Shekigenda, yule fundi wa Soni.

Usikasirike kwanza. Shule moja huko Mtae upepo uliezua paa, mvua ikaozesha madawati, watoto wakawa wanaandika wamekaa chini. Walimu wakatuomba madawati mapya; kazi ilitushinda sisi, ikamshinda na yeye. Akanipigia: "Binti, tukigawana tutawahi." Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Mtu wa Soni asione kipimo changu." Miaka yote ile hamsalimiani, hata msibani kila mtu anaangalia pembeni. Siku mbili sikumjibu. Ya tatu nikapiga picha namba ulizoandika kwa penseli nyuma ya mlango, nikamtumia.

Binti yake akatutengenezea jedwali moja, sote tunalifungua kwenye simu. Soni miguu, sisi mbao za juu na za kukalia, fundi wa Mtae aunganishe, maana barabara ile unaijua, dawati zima lingefika vipande. Kila anayemaliza anaandika, wenzake wanaona papo hapo.

Halafu nikakosea. Nikachimba matundu ya milimita kumi na sita na kuandika hivyohivyo, ilhali ndimi za miguu yao, zile ncha zinazoingia tunduni, ni kumi na nane. Shekigenda angeweza kunyamaza niaibike mbele ya walimu. Akapiga simu: "Mwanangu, nimeona ulivyoandika. Kipimo cha mzee ni kumi na nane. Weka patasi chini." Nilikuwa nimechimba mbao tano tu.

Siku ya kuunganisha tulipanda wote Mtae. Mguu wa Soni ukaingia kwenye tundu la Lushoto kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo. Shekigenda akapitisha kidole kwenye kiungo, akaketi kwenye lile dawati la watoto, mzee mzima magoti juu.

"Kipimo hiki tulifundishwa pamoja," akasema. "Benchi moja, mimi na yeye."

Kumbe! Hukuwahi kuniambia. Akalia pale mbele ya walimu, nami nikashindwa kujizuia.

Jumapili baada ya ibada alikuja kaburini kwako. Akakusalimia kwa Kishambaa, akakuomba radhi. Na mimi nikamwomba radhi kwa niaba yako, maana wewe huwezi tena. Kama nimevuka mpaka, nisamehe.

Pumzika, Fundi. Nakuahidi hili: nikikwaruzana na fundi mwenzangu, simu nitapiga mimi kwanza, tukiwa bado hai wote wawili.

Mwanafunzi wako,
Neema