Jibu Nililomfundisha Kantengwa

Rugu, 14 Machi 1987

Dada yangu Kampire,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi Mungu anatulinda, maharage yamestawi, na kanisa la kigango chetu limeezekwa bati.

Dada, mwanangu Kantengwa amepigwa. Egbert wa darasa lao alimwita mkimbizi kila siku, eti arudi kwao. Mimi nikamfundisha amjibu hivi: "Sawa, narudi, ila naondoka na migomba aliyowapandia babu yangu. Nyie mtakula mawe." Ijumaa ya wiki iliyopita, siku yao ya kwenda shuleni na majembe, akamjibu hivyo. Watoto wakamcheka sana Egbert. Akampiga Kantengwa mdomoni kwa mpini wa jembe, na alipoanguka akampiga tena jichoni. Meno matatu yamebaki shambani. Daktari hana hakika na jicho.

Baba yake Kantengwa alichukua panga. Nilimng'ang'ania miguu huku nikisali mpaka akalitupa. Sijathubutu kumwambia kwamba maneno yale yalikuwa yangu.

Jana Kantengwa aliniuliza, na mdomo ule ulivyovimba, "Mama, nikirudi shuleni nijibuje?" Wewe ungemwambia nini? Naomba unijibu upesi.

Mdogo wako,
Mukantabana