Lenzi Isiyowahi Kufunguliwa

Jumatatu, 3 Juni

Mgeni anakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Shemeji amesema wakati wa chai, kama mtu anayetaja hali ya hewa, lakini kijiko kilikuwa kinagonga kikombe. Ni mwanamke anayeandika kitabu kikubwa cha lenzi za zamani za Kijapani. Anataka kumwona Bibi Harusi.

Bibi Harusi ni lenzi. Tumempa jina hilo kwa sababu anakaa peke yake kwenye kisanduku chenye mahameli, wakati wenzake mia mbili na kumi na moja wamebanana kwenye makabati. Milimita hamsini, ya miaka ya hamsini mwanzoni. Shemeji anasema za toleo lake hazifiki kumi duniani. Nimemsikia akisema hivyo kwa wageni, kwa jamaa, na mara moja kwa fundi bomba.

"Wewe ndiye utakayemweleza," ameniambia. "Wewe ndiye macho yangu."

Kila mtu anaambiwa hivyo. Huyu ni mke wa marehemu mdogo wangu, ndiye macho yangu. Watu hutabasamu. Nami hutabasamu. Mwaka wa tatu sasa tangu nifiwe, na bado nimo kwenye chumba cha juu, mapazia yamefungwa, mashine ya kukausha hewa inanguruma pembeni kama paka mzee. Katika nyumba hii hakuna aliyeniambia nikae. Ila hakuna aliyewahi kuniambia ninaweza kwenda.

Jumanne, 4 Juni

Siku njema, lazima niseme ukweli. Limeingia boksi la lenzi sita kutoka nyumba ya mpiga picha aliyefariki. Nne za kawaida. Ya tano kioo kimekuwa cha manjano kama chai iliyochujwa mara mbili. Vioo vya aina ile vina madini yanayovibadilisha rangi kadiri miaka inavyokwenda. Nimeiweka dirishani, nyuma ya pazia, ipigwe na jua, baada ya wiki kadhaa itarudi nyeupe. Ya sita ndogo, nzito, imekwaruzwa. Niliifuta ukingo wake kwa mswaki laini, herufi zikajitokeza moja moja: imetengenezwa Japani iliyokaliwa. Basi ni ya ile miaka michache baada ya vita, nchi ikiwa mikononi mwa Wamarekani. Nilishikilia kitu kile mkononi nikasahau kula.

Mama mkwe alipanda mwenyewe, na magoti yale, kuniita. "Mwanangu, unavichungulia hivyo vijicho kuliko unavyojitazama kwenye kioo."

"Havizeeki, mama."

"Ndiyo maana."

Baadaye fundi saa alipiga simu. Yeye na mume wangu walikuwa wakiazimana vifaa. Karakana yake ni mji wa pili, saa tatu kwa basi. Anasema watu wanamletea kamera na lenzi na yeye macho yamechoka. Kiti kipo, meza ipo, chumba cha kulala kipo juu kwa dada yake. Nikamwambia ngoja niulize. Nilipokata simu nikajiuliza: nimuulize nani? Nina miaka arobaini na moja.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemuuliza shemeji.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliweka gazeti chini, akanitazama kwa upole wake ule, akasema, "Shemeji, umekosa nini hapa?"

Nikatafuta. Sikukosa kitu. Chumba ninacho, chakula ninacho, mama yao ananipenda. Mtu akikupa kila kitu utaondoka kwa mlango upi?

"Mgeni aje aende," akasema, "halafu tutazungumza." Mwaka jana ilikuwa harusi ya binamu iishe, halafu tutazungumza.

Jumamosi, 8 Juni

Kuvu! Ndani ya Bibi Harusi. Kauzi kamoja tu, pembeni kabisa, kama unywele wa mtoto mchanga. Nimemwelekezea tochi kwa ubavu, nikamgeuza, nikamgeuza tena. Ni kuvu.

Hapa pana tatizo. Karatasi aliyoiandika mume wangu, inayokaa kisandukuni, inasema: haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Ni nusu ya sifa yake. Lakini kuvu haingoji mtu. Ikiachwa inakula utando wa kioo, na ule mng'ao wa zambarau ukishaliwa haurudi.

Nimemweleza shemeji. Mtu huyu anaogopa kuvu kuliko moto. Mwaka jana aliniamsha alfajiri kwa sababu ya doa ambalo lilikuwa vumbi. Leo amesema, "Futa nje tu. Ndani usiguse."

"Itaenea."

"Nimesema usiguse."

Akashuka ngazi haraka. Nikabaki nimeshika tochi.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji na mama mkwe wamekwenda kumwona mgonjwa, wote wawili. Nimemfungua Bibi Harusi.

Niandike kwa utaratibu, mkono unataka kukimbia.

Pete ya mbele, ile yenye jina na namba, nilitarajia igome. Pete iliyokaa miaka sabini hudondoshewa dawa, husubiriwa, hubembelezwa, hutukanwa. Hii ilizunguka kwa kidole nilichokivisha mpira tu. Laini, kama kifuniko cha chupa ya maji.

Ndani skrubu tatu ndogo. Vichwa vyake vizima, havikuliwa. Skrubu za Kijapani zinataka bisibisi yake maalumu, ukitumia ya kawaida inazitafuna. Kwa hiyo aliyezigusa alijua kazi. Na juu ya kila skrubu, kitone cha rangi. Rangi ya damu ya mzee, yenye chembe za dhahabu.

Rangi yangu ya kucha.

Chupa ile nilinunua siku tulipohamia hapa, nikaipaka mara mbili tu. Mume wangu akaichukua. Fundi hutia kitone juu ya skrubu isije ikalegea, na yeye alikuwa akisema yangu inashika kuliko dawa ya dukani. Tulicheka. Nilimwambia mke gani anashindana na skrubu.

Nikageuza kiini, kile kifungu cha vioo vya ndani. Kiwandani walikwaruza namba kwa sindano upande wa ndani. Si namba iliyo kwenye pete. Hata haikaribiani nayo. Ni lenzi ya kawaida kabisa, dada za hii tunazo nne kwenye kabati la pili. Imevishwa uso wa mwingine.

Nimekaa sakafuni muda mrefu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Alinikalisha mbele ya taa, akanifundisha kuhesabu miali ndani ya kioo ili nijue vioo viko vingapi. Alikuwa akisema lenzi haidanganyi, karatasi ndiyo hudanganya. Na karatasi kaandika yeye.

Nimesafisha kuvu. Nimemfunga. Mikono imefanya yenyewe.

Jumatano, 12 Juni

Siku mbili nimekula kwa kujilazimisha. Leo nimemwambia shemeji: pete ya Bibi Harusi si yake.

Alifunga mlango. Nilidhani atakataa, atapandisha sauti. Akaketi kwenye kile kigoda cha kupandia kabati la juu, mtu mzima mwenye mwili wake, magoti yakafika kifuani.

"Najua," akasema.

Bibi Harusi wa kweli alikuwapo. Shemeji alimpata kwa kumtafuta miaka minane. Wiki ya kwanza akamwangusha, hapa hapa, kwenye kona ya meza hii. Kioo cha mbele kikawa unga. Ikabaki pete, haina hata mkwaruzo. Tayari alikuwa amewatangazia watu.

"Nikamwomba mdogo wangu. Akakataa. Miezi miwili alikataa."

"Kisha?"

"Kisha akakubali."

"Kwa nini alikubali?"

Alinitazama kama hakuelewa swali. "Mlikuwa mnakaa hapa," akasema.

Alilitamka kama mtu anayesema chai imepoa. Bila ubaya wowote. Nadhani hakuona ubaya, wala leo hauoni.

Nikasema mgeni ataona. Akasema, "Haoni. Kazi ya mdogo wangu haionekani, hata wewe ilikuchukua miaka mitatu." Halafu akashusha sauti: "Na ukisema, shemeji, hawatamtaja mwenye lenzi. Sahihi iliyo kwenye karatasi ni ya mumeo."

Alipotoka aliniuliza kama ninahitaji balbu mpya ya taa ya meza.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemsaidia mama mkwe kunyoosha vitambaa vya meza kwa ajili ya mgeni. Nikamuuliza, kwa kuzungukazunguka, kuhusu mwanawe, mwaka ule wa kwanza tulipokuja. Anakumbuka kila kitu huyu mama, tarehe hata mvua.

Anasema mume wangu alikuwa hali chakula mezani. Siku moja alimfuata jikoni akamwambia anataka tuhame, mimi na yeye, hata chumba kimoja. Sikuwahi kulisikia hilo. Mimi nilikuwa juu, najifunza kuhesabu miali.

"Nikamwambia vumilia. Ndugu ni ndugu." Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Nilidhani nimemwambia neno jema, mwanangu."

Pasi ilikuwa imewaka mno, ikaacha alama.

Ijumaa, 14 Juni

Mgeni ni mdogo wa umbo, mfuko wa kitambaa, viatu vya mpira. Taa kaja na yake. Hakutaka hotuba. Shemeji alianza, mgeni akamwinulia kidole kwa adabu.

Alimwangalia Bibi Harusi kwa robo saa. Akahesabu miali, midomo ikicheza, kama nilivyofundishwa mimi. Kidole gumba kilipita kwenye pete. Nikaona pete imesogea, kidogo tu, upana wa uzi. Akatoa kidole. Akairudisha lenzi kwenye mahameli, taratibu.

Akasoma karatasi. "Aliyeandika yuko wapi?"

"Ametangulia mbele ya haki," shemeji akasema.

"Poleni. Basi nahitaji maneno ya mtu aliye hai. Anayeifahamu lenzi hii."

"Yupo. Shemeji yangu. Ndiye macho yangu."

Mgeni akanigeukia. Macho yake hayakuwa makali. "Basi andika ulichokiona wewe. Si alichokiona mtu mwingine. Kwa jina lako, maana nitalichapisha."

Shemeji akanipa kalamu yake mwenyewe, ile nzuri. Akanigusa bega. Wakashuka kula. Nikasema natangulia kuandika, nitawafuata.

Basi niko hapa, karatasi mbili mbele yangu, hii ya daftari na ile ya mgeni. Ya mgeni nimeichana mara mbili. Nikiandika haijafunguliwa, nitabaki kwenye chumba hiki mpaka nife, na safari hii nitakuwa nimejifungia mwenyewe. Nikiandika niliyoyaona, watu wasiomjua mume wangu watamjua kwa hilo tu. Hawatajua miezi miwili aliyokataa. Haina pa kuandikwa.

Sasa hivi nimeandika jina langu. La kwa baba, si la kwao. Limekaa pale juu kama mgeni mwingine. Chini yake: Lenzi hii ilifunguliwa na

Hapo kalamu imesimama. Neno lolote nitakaloweka baada ya hapo litakuwa kweli, na kila moja litampeleka mtu mahali.

Chini wanacheka, shemeji amesema jambo. Kiti kinavutwa. Mama mkwe ananiita kutoka mwanzo wa ngazi, chakula kinapoa. Nimemjibu naja, mama. Haondoki. Namsikia anapanda, ngazi moja, anapumzika, ngazi moja