Barua Iliyopitia kwa Kocha

Ujiji, Jumapili asubuhi

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo, babu yako kaenda Katonga kununua dagaa. Umeuliza kama ni aibu kumwandikia mchezaji usiyemjua. Nitakueleza yote.

Nikiwa darasa la sita, rafiki yangu Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, alitamani sahihi ya golikipa mmoja wa Dar kabla yeye na wazazi wake hawajahamishiwa kambini. Niliandika barua kama tulivyofundishwa shuleni kuandika barua rasmi: "Kupitia kwa Kocha." Furaha akacheka, "We Zaina, unaomba ruhusa ya kuumwa?"

Jibu lilifika juma la mwisho la Furaha kabla ya kuhama. Kocha aliandika, "Nimepitisha." Chini, golikipa alitia sahihi mbili: "Moja yako, moja ya Furaha." Mtu mkubwa vile, alitusoma hadi mwisho!

Nijibu upesi: wewe unataka kumwandikia nani?

Bibi Zaina