Maji Niliyoyangoja Yakupwe

Dixon Road, Toronto

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza kwa kuuliza mgongo wako kabla ya kukuuliza wewe, maana najua utasema u mzima hata kama huinuki. Bado unakwenda kwenye mwani kila bamvua, maji yakitoka mbali? Sisi huku tupo, baridi imeanza, na mjukuu wako Raya amepoteza jino jingine la mbele.

Zile picha alizokuonyesha mdogo wangu Salma, mimi na Raya kwenye mchanga mweupe, nasikia zimezunguka mtaa mzima na watu wanasema nakula bata. Ni kweli nilikula, mpaka saa sita mchana. Yaliyofuata sikuweza kuyasema kwenye simu.

Unamkumbuka Marva, tunayefanya naye kazi ya kutunza wazee. Kwao ni kisiwa kidogo huko Karibiani, na safari hii alipokwenda kumwona mama yake alituchukua. Asubuhi moja akatuelekeza ufukwe ulio nyuma ya jabali: hakuna hoteli, hakuna kibanda, hata unyayo wa mtu hakuna. Unapita ndani ya maji chini ya jabali, hatua kama sitini, umefika. "Rudini kabla ya saa sita," akasema. "Upepo ukikaza hampiti." Mama, nilicheka moyoni. Mtoto wako wewe, nifundishwe bahari!

Tulipokwenda maji yalimfika Raya magotini. Saa sita yakanifika mimi mapajani, na mawimbi yameanza kupiga jabali. Raya akasema, kwa Kiingereza chake, twende. Nikamwambia tulia. Mwezi umeandama juzi, leo bamvua, maji yatakupwa mpaka kule kwenye miamba, tutapita tukiokota kombe. Akakaa, akakumbatia magoti.

Tukangoja. Saa saba, saa nane. Niliweka jiwe ukingoni mwa maji nione yanavyotoka, mawimbi yakalipita jiwe. Maji ya kunywa yakaisha, simu haikamati, na nyuma yetu mwamba umesimama wima, hakuna pa kupandia. Kufika saa kumi mawimbi yalikuwa yanalowesha mkoba wetu tuliouegemeza mwambani. Nikamfunga Raya mgongoni kwa kanga, mtoto wa miaka minane, miguu inaning'inia, nikaingia.

Katikati wimbi likanibamiza kwenye jabali, goti likachanika. La pili likatufunika wote wawili. Nilihisi mikono yake ikilegea shingoni mwangu. Sijui nilitembeaje. Marva alikuwa anakuja mbio upande wa pili na mjomba wake, wakatuvuta. Raya akatapika maji, kisha akalia, na sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

"Ulikuwa unangoja nini?" Marva akanifokea.

Nikamwambia nangoja maji yakupwe. Akanitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa.

"Huku bahari inashuka shubiri moja, mbili. Haiendi popote, upepo ndio unaoipandisha!"

Umri wote huu, mama, sikujua kwamba kuna bahari isiyokupwa kama yetu. Na saa sita ile tungepita bila taabu. Ni mimi niliyemkalisha pale, kwa kiburi changu.

Goti limepona. Linaloniuma ni jambo jingine. Nilimuuliza Raya mbona saa zote zile hakulia wala kunisumbua. Akanijibu kwa Kiswahili, yeye ambaye kila kitu hujibu kwa Kiingereza: "Wewe ulisema maji yataondoka." Na sasa nikimwambia uji umepoa, anachovya kidole kwanza. Nikimwambia barabara nyeupe, hakuna gari, tuvuke, anageuza shingo huku na huku mwenyewe. Hanibishii. Anahakikisha tu.

Nisalimie Salma, ila mwambie asitume tena picha zangu kwa watu. Nisalimie baba mdogo na shangazi wa dukani, na wifi yangu aliyejifungua, nitampigia.

Nawe nakuomba kitu kimoja. Siku zile ukinichukua kwenye mwani nikiwa mdogo kama Raya, ulishawahi kukosea hesabu ya maji, mimi nisijue? Kama uliwahi, usinifiche. Niandikie, nimsomee.

Mwanao anayekuwaza,
Mwanaisha