Baba, Kwa Nini Ulimfundisha Boay Kujaza Tairi?

Baba,

Shikamoo. Huku nyumbani mvua imekata, mahindi yanakauka vizuri, na Mama bado anakuwekea kikombe mezani, kisha anakiondoa. Pikipiki yako sasa naendesha mimi. Shangazi alitaka apewe mwanawe Boay, kwa kuwa ndiye uliyemfundisha kazi ya bodaboda. Mama akakataa. "Ameacha binti," alisema. Nikafurahi, Baba, sikufichi. Nilifurahi kwa sababu Boay amekosa kitu chako.

Maana vingine vyote alivipata. Mlikuwa mnashuka naye Mang'ola, mnarudi mmejaa vumbi na vicheko, na mkifika mlangoni vicheko vinakwisha. Mimi ulinambia nikasome. Nilikuwa nawasikia uani mkigonga vyuma, nakodolea macho kitabu na sioni hata herufi.

Muda si mrefu baada ya kukuzika, goti la Mama lilivimba. Nikampakia kumpeleka hospitali Karatu. Nikiwa peke yangu pikipiki ilikuwa inatulia, nikadhani najua. Kumbe sijui. Kwenye kona za kabla ya mjini nyuma ikaanza kucheza. Nikiilaza huku, yenyewe inakwenda kule. Mara lori la vitunguu hilo mbele. Nikalikwepa, tukaishia mtaroni, Mama akaangukia nyasi kwa ubavu. Hakuumia. Alijipangusa khanga, akanitazama.

"Baba yako hakuwahi kuniyumbisha."

Neno hilo liliniuma kuliko michubuko yangu ya magotini.

Nikaenda kijiweni kwa Boay. Ningemuuliza nani mwingine? Alibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Dada Magda, huu ni upepo wa mtu mmoja."

Akaniambia nije asubuhi, kabla sijaitembeza pikipiki, kwa sababu tairi likishapata moto kipimo kinadanganya. Asubuhi akachuchumaa, akachomeka kipimo.

"Ukiwa peke yako, nyuma ishirini na nane inatosha. Ukibeba mtu, ipandishe mpaka thelathini na tatu. La mbele liache kwenye ishirini na tano. Hiyo ni ya pikipiki hii. Nyingine usome kibandiko chake, kila moja ina yake."

Halafu akakohoa kidogo, vile vile ulivyokuwa ukikohoa ukitaka kusema jambo la maana. "Abiria hakai kwenye kiti, anakaa kwenye upepo. Mjomba ndivyo alivyoniambia."

Baba! Nilitaka kumnyang'anya maneno yale mdomoni. Hata kikohozi chako anacho, mimi uliyenizaa sina. Nikamuuliza kwa nini hukunifundisha mimi. Akainama, akajifanya anakaza kifuniko cha valvu ya tairi.

"Alisema mikono yako ni ya kalamu."

Nani alikuambia? Mikono hii ilikamua ng'ombe. Ilikusugua mgongo kifua kilipokubana. Ungeniita mara moja tu, Baba. Hata kushika pampu. Ningekuja mbio.

Juzi nilimrudisha Mama hospitali. Nilijaza upepo mwenyewe, nikapima, nikapima tena. Kwenye zile kona pikipiki ikatulia kabisa. Nikahisi mikono ya Mama inalegea kiunoni mwangu, halafu nikamsikia anaimba kwa sauti ya chini, nyimbo zake za kanisani. Nilikuwa sijui kwamba huwa anaimba barabarani. Tulipofika nikamuuliza. Akasema, "Nilikuwa namwimbia baba yako tu." Basi hata hilo mlikuwa nalo ninyi wawili, na mimi sikujua. Nililia nimegeukia ukuta wa hospitali ili asinione.

Wivu haujaisha. Nikimwona Boay anapita na abiria, kaketi wima kama ulivyoketi wewe, nageuza uso. Lakini nakuahidi, sitamnunia tena. Jumapili nimemwalika chakula. Akishashiba nitamwomba anisimulie kila ulichomwambia njiani, kuanzia siku ya kwanza, hata yale yatakayonichoma. Ni afadhali nikupate kwa mdomo wake kuliko nikukose kabisa.

Pumzika, Baba yangu.

Mwanao,
Magdalena