Njia ya Ngamia Kiwanjani

Salaam aleikum, mjukuu wangu Halima. Mama yako hajambo, mimi nimechoka. Kuna jambo nililolificha hata kwa marehemu nyanya yako.

Umeuliza nilivyopima mpango wa maduka Kiwanjani, nikiwa afisa wa baraza miaka ya sabini. Maduka yangewapa vijana kazi, lakini yangefunga njia ya ngamia kwenda kisimani.

"Si watazunguka tu, bwana afisa!" mwenye mpango alinicheka. "Wana miguu mirefu kukushinda."

Alisema kweli. Hata hivyo niliandika kwamba njia ibaki. Wafugaji walinishukuru, vijana wengi wakahama kutafuta kazi.

Kila asubuhi msichana mmoja alipitisha ngamia wa baba yake mbele ya dirisha langu. Ndiye nyanya yako.