Kotoha Hakuwa Mtoto Mtulivu

Kanazawa,
Februari 6

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Nimesikia theluji huko Himi imefika madirishani. Tafadhali usipande kusafisha paa mwenyewe kama mwaka jana. Mwambie Bwana Hamano wa jirani, hajawahi kukataa. Figili na samaki ulivyotuma vilifika salama, tukala siku tatu. Kotoha aliomba supu mara ya pili. Naanza na hilo kwa kuwa najua ndilo unalotaka kulisikia kwanza: anakula, yu hai, na sasa hivi amekaa upande wa pili wa meza anamenya chungwa.

Mimi nami sijambo. Kazini kwenye nyumba ya wazee mambo ni yale yale, ila nimeomba niondolewe zamu za jioni, nao wamekubali.

Mama, kuna mambo sikukueleza kwenye simu. Kila nilipoanza uliniambia birika linachemka, au kuna mtu anabisha hodi. Ndiyo maana naandika. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, mpaka mwisho.

Mwezi wa kumi nilikuambia Kotoha alizimia shuleni kwa sababu aliondoka bila kula. Ule ulikuwa uongo, na ulikuwa wangu. Alianguka katikati ya mchezo wa mpira wa wavu, moyo unamwenda mbio hata mwalimu aliuona ukidunda chini ya fulana. Hospitali wakampima, wakakuta amekunywa vidonge vya kikohozi, hivi vinavyouzwa duka lolote la dawa, vingi kupita kiasi. Nikamwambia daktari lazima wamekosea, mdogo wangu hana kikohozi. Hakunibishia. Aliniambia tu niende nikamchukulie nguo za kubadilisha. Ndani ya viatu vyake vya theluji, ambavyo mwezi wa kumi hakuna anayevigusa, nikakuta maganda matupu ya vidonge, yamekunjwa moja moja na kupangwa vizuri mpaka kwenye vidole.

 Siku ya tatu Kotoha akanieleza kwamba alianza majira ya kuchipua, wiki ya pili tu tangu ahamie kwangu aanze sekondari. Mwenzake wa darasani, msichana aitwaye Sumire, ndiye aliyemwonyesha. Nilipandwa na hasira, mama, nikasema maneno ambayo wewe ungeyasema. Nikamuuliza amekosa nini kwangu, ana chumba chake, ana chakula, hakuna anayempigia kelele.

Akanijibu, "Sijakosa kitu, dada. Ndiyo maana hata mimi sijielewi."

Nikamtafuta huyo Sumire nikiwa nimejiandaa kumchukia. Nikamkuta msichana wa kawaida, analia mbele ya mama yake. Alisema alivinywa mara moja, akatapika, hajavigusa tena. Alidhani na Kotoha ameviacha. Niliporudi nyumbani swali hilo likaniganda kichwani. Wasichana wawili, umri mmoja, dawa ile ile, siku ile ile. Kwa nini mmoja aliviacha na mwingine akavishika kwa mikono miwili?

Ulipopiga mwezi wa kumi na mbili nilikuambia anaendelea vizuri, na hilo lilikuwa kweli. Alikuwa na siku zaidi ya arobaini bila kidonge. Halafu Jumamosi ya pili ya Januari akatoka saa tano asubuhi kwenda kununua mayai. Simu yake aliiacha kitandani, juu ya mto wa kulalia. Saa nane alikuwa hajarudi.

Theluji ilikuwa inaanguka, mabasi yamesimama. Nilitembea duka la dawa hadi duka la dawa na picha yake akiwa na sare ya shule. La kwanza hawakumwona. La pili hawakumwona. La tatu, kijana wa kaunta akasema ndiyo, amemuuzia pakiti moja, kila mteja anaruhusiwa moja. La nne nao wakasema hivyo hivyo.  Kila nilipoona choo cha umma niliingia, nikainama kutazama viatu chini ya milango. Naandika hili ujue nilivyokuwa siku ile. Nilikuwa natafuta maiti, mama.

Duka la tano ni dogo, liko nyuma ya soko, la mama mmoja aitwaye Bi Nakagaki. Kotoha alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, kikombe cha chai mkononi, pakiti mbili magotini hazijafunguliwa. Bi Nakagaki alinisogeza pembeni akanieleza kwamba binti aliingia kwa adabu, akaomba dawa ya kikohozi ya baba yake, akaitaja kwa jina bila kusita kama mtu anayetaja jina la mtaa wake. Yule mama akamwambia, "Anayekohoa ni baba yako, lakini anayetetemeka ni wewe. Kaa kwanza." Kotoha akakaa, akasema baba yake amefariki miaka mitano iliyopita. Kisha akaanza kulia, na Bi Nakagaki akafunga mlango wa duka ili asiingie mteja mwingine.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani, bila mimi kumuuliza, Kotoha akaniambia jambo ambalo tangu siku ile halinitoki.

"Nilipovinywa mara ya kwanza, kelele za ndani zikanyamaza. Nikajua kumbe watu wengine ndivyo wanavyoishi kila siku. Nikawaonea wivu, dada."

Wiki iliyofuata nilimuuliza daktari lile swali langu la wasichana wawili. Ni daktari mwingine sasa, Daktari Uozumi, mwanamke mpole anayeandika kwa penseli. Hakunijibu moja kwa moja. Alitaka kujua miaka ya kwanza ya Kotoha nyumbani kwetu ilikuwaje. Akasema mtoto anayekua akisikiliza hatua za mtu mzima ili ajue leo ni siku gani, mwili wake hujifunza kukaa macho. Hofu ikiwa ya kila siku, ubongo hujengeka nayo, ukiwa bado laini. Baadaye hatari huondoka, lakini mwili haupati habari. Mtoto kama huyo akifika miaka kumi na tano na kukutana na kitu kinachomtuliza, kwake si mchezo kama kwa Sumire. Kwake ndiyo mara ya kwanza kupumzika. Alisema pia kwamba si kila mtoto wa namna hiyo huangukia huko, na aliyeangukia anaweza kutoka, ila si kwa kufokewa wala kwa kuachwa peke yake.

Nilitaka kumwambia yote siku hiyo. Nilimwambia nusu. Nilimweleza kuhusu baba, kwamba tulilijua lori lake tangu likiwa kona ya daraja, na kwa jinsi alivyofunga mlango wa lori tulijua kama tuingie kwenye kabati la magodoro au tubaki mezani. Nilimweleza kuhusu mkono wako uliovunjika, ambao ulisema ni ngazi.

Ndipo daktari alipokupigia simu. Akaniambia ulichomjibu, kwa sababu mimi ndiye mlezi wa Kotoha hapa. Ulisema mjini kuna marafiki wabaya. Ulisema baba alikuwa mtu wa sauti kubwa tu, na kwamba Kotoha hakuathirika na chochote, alikuwa mtoto mtulivu kuliko watoto wote wa mtaa ule, alilala fofofo hata nyumba ikitikisika.

Mama, hakuwa mtulivu. Nilikuwa namlaza mimi.

Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, meno yanaota, analia kila jioni. Siku moja wewe ulikuwa jikoni, mdomo unavuja damu, na baba akanisimamia akasema, "Mnyamazishe huyo, au nitamnyamazisha mwenyewe." Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa na mafua wiki ile, na ile dawa yangu ya kikohozi, ya maji, tamu, ilikuwa rafuni. Nilijua dawa hiyo hunitia usingizi. Nikampa kijiko. Akalala. Baba akakaa, akawasha televisheni, na jioni hiyo hakumpiga mtu.

Basi nikampa na kesho yake. Nikawa nampa kila niliposikia lori. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili, na sijawahi kumwambia mtu.  Na wewe, mama, chupa ilipokuwa inaisha ulikuwa unanunua nyingine, ingawa mimi nilikuwa nimepona zamani. Hatukuwahi kulizungumza. Sikuandikii ili nikuhukumu. Ulikuwa na njia gani? Nami nilikuwa na njia gani? Lakini ukimwambia daktari kwamba alikuwa mtulivu, unaifukia ile chupa upya, na Kotoha anabaki akijiona ameharibika bila sababu.

Juzi nilirudi kwa Daktari Uozumi nikamweleza. Alisema hawezi kuapa kwamba kijiko kile ndicho kilichomfikisha hapa. Miaka ile ya hofu peke yake ingetosha. Akaniuliza kama niko tayari kumwambia Kotoha mwenyewe.

Nimemwambia jana mchana, kwenye meza hii hii. Nilingoja anitukane, au ainuke atoke.  Badala yake akaniuliza, "Na wewe, dada, ulikuwa unakunywa nini?"

Nikamwambia sikuwa nakunywa chochote, nilikuwa nakaa macho. Akaja upande wangu wa meza, akanikumbatia, na nikalia kama sijawahi kulia tangu kabati lile.

Alhamisi ya tarehe 15, saa nne asubuhi, daktari atakutana na familia. Kuna treni ya asubuhi itakayokuwahisha, na mimi nitakupokea kituoni, hutatembea kwenye barafu. Hutalazimishwa kusema kitu. Ila ukisema, sema kilichotokea. Kama huwezi, mama, basi usije siku hiyo. Tutakuja sisi kukusalimu theluji ikiyeyuka, na bado nitakuita mama. Mbele yake tu usiseme tena kwamba alikuwa mtulivu.

Nisalimie Bwana Hamano na mkewe. Jifunike vizuri, na goti usiache kulikanda kwa maji ya moto. Kotoha ameisoma barua hii yote kabla sijaifunga, maana hatufichani tena. Hakubadilisha neno. Ameniomba tu niongeze kwamba anakusalimu, na kwamba siku hiyo atakuwekea kiti karibu na chake.

Ni mimi binti yako,
Chizuru